Kununua gari kubwa wakati dogo linatosha: kuna kosa la kimaadili hapo?

Mizani_ya_Njia

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hesabu. Mijadala ya namna hii hufungwa mapema kwa maneno ya "wivu" na "roho mbaya", na swali lenyewe linabaki halijaguswa.

Chukulia mtu ana magari mawili mbele yake, yote ya petroli. La kwanza ni SUV ya tani 2.2, viti saba, lita 12 kwa kilomita 100. La pili ni la tani 1.3, viti vitano, lita 7. Siku nyingi za mwaka atakuwa peke yake ndani, kwenye lami, kilomita 15,000 kwa mwaka. Fedha anayo kwa lolote kati ya hayo, mafuta anajilipia, kodi analipa.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba anayelipa ndiye anayeamua. Naliona lina pengo, kwa sababu moshi, nafasi barabarani na nguvu ya kugonga havimwangukii mlipaji peke yake. Lakini pia si haki kumhukumu mtu kwa urefu wa boneti. Kwa hiyo: tofauti halisi ni kiasi gani? Usalama wa familia unatosha kuwa sababu? Na aliye nalo tayari aliuze?

Spana_14

Mkuu, nianze na mafuta maana ndipo hesabu ilipo wazi. Kwa takwimu zako kubwa litakula lita 1,800 kwa mwaka na dogo lita 1,050. Tofauti ni lita 750. Lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi (dizeli ni 2.7 hivi), kwa hiyo ni karibu kilo 1,725 za ziada kila mwaka. Ukijiuliza moshi unazidije uzito wa mafuta yenyewe, ni kwa sababu kaboni ya kwenye mafuta inashikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ni hiyo oksijeni.

Mjini kinachokula mafuta ni uzito. Kila ukisimama, nguvu uliyotumia kulifikisha gari kwenye mwendo inageuka joto la breki. Gari la tani 2.2 likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa limebeba kilojuli 212; la tani 1.3 limebeba 125. Lita ya petroli ina kama megajuli 32, ila injini ya kawaida kwenye foleni hufikisha karibu sehemu moja ya tano tu kwenye matairi. Maana yake lita moja inaliondoa gari kubwa kutoka kusimama hadi 50 mara 30, na dogo mara 51, kabla hujahesabu AC na injini kunguruma bure kwenye taa nyekundu. Haibridi (gari la petroli lenye mota ya umeme pia) hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, ndiyo maana faida yake inaonekana zaidi mjini kuliko safarini.

Barabara kuu mwamuzi ni upepo. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 120 unaongezeka kwa asilimia 44. SUV yenye uso wa mita za mraba 2.8 na kipimo cha umbo 0.35 (kikiwa kidogo hewa inapita kirahisi zaidi) inapambana na nguvu ya nyutoni 450 hivi kwenye 100. Saluni ya mita 2.2 na 0.28 inapambana na 285. Ufundi wa udereva haufuti tofauti hiyo. Kupunguza mwendo kunaipunguza, na kuvua keria ya juu ambayo haijabeba kitu pia.

Kuna hesabu inayowapotosha wengi: kupima kwa kilomita kwa lita. Kutoka 15 kwa lita hadi 20 kunaonekana hatua kubwa, kutoka 5 hadi 7 kunaonekana si kitu. Kwa kilomita 15,000 hatua ya kwanza inaokoa lita 250. Ya pili inaokoa 857. Kwa hiyo wa kushawishiwa kwanza si mwenye gari dogo atafute dogo zaidi, ni mwenye lile la 5 apande hata la 7.

Na msiamini namba ya dashibodi. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 400, jaza tena kwenye pampu ileile hadi ikate, kisha gawa lita kwa kilomita na uzidishe kwa 100. Rudia mara tatu uchukue wastani, maana pampu ikikata mapema mara moja inaharibu hesabu. Kama matairi yamebadilishwa yakawa makubwa kwa asilimia 5, gari linasoma 100 wakati umetembea 105. Sahihisha hilo kabla hujalaumu injini.

Dereva_Makini

Kwenye usalama hoja ya familia ni ya kweli na haifai kubezwa, ila isemwe yote.

Magari hayo mawili yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye 50, yatashikamana na kwenda kwa kama 13 upande ule lilikokuwa likielekea kubwa. Waliomo kwenye kubwa wamepoteza mwendo wa 37. Waliomo kwenye dogo wamebadilishiwa mwendo kwa 63, kufumba na kufumbua. Ulinzi alioununua wa kwanza umetolewa kwenye miili ya wa pili. Haukutengenezwa upya popote. Utafiti wa wachumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba kugongwa na gari lililozidi uzito kwa kilo 450 hivi huongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 47. Ndipo kila mtu anaogopa, kila mtu anapanda ukubwa, na tofauti inarudi palepale, sasa kila mmoja akiwa na tani ya ziada. Ile ya "mwenye nguvu mpishe" imehamia barabarani.

Ukigonga ukuta, mti au lori, uzito wako haukusaidii namna hiyo, kwa sababu bodi inabidi imeze nguvu ya uzito wake yenyewe. Hapo kinachokuokoa ni muundo wa bodi, mikanda na mifuko ya hewa, vitu ambavyo gari dogo la kisasa linavyo. Kupinduka nako kuna hesabu yake: chukua upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, gawa kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Saluni nyingi hupata 1.3 hadi 1.5, SUV nyingi 1.0 hadi 1.3, na namba ndogo ndiyo mbaya. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza umepunguza sana ajali hizo. SUV ya zamani isiyo nao, ikipakiwa mizigo juu ya keria, ni hatari ambayo mwenye nayo huwa anaihesabu kama usalama.

Lakini linalonifanya niseme kuna kosa la kimaadili ni mtembea kwa miguu, kwa sababu yeye hakuingia kwenye mashindano haya. Boneti fupi yenye mteremko humpiga mtu mzima miguuni, akaangukia juu ya boneti. Uso mrefu uliosimama humpiga nyonga au kifua na kumtupa chini mbele ya gari. Mtoto hupigwa kichwa. IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima Marekani, ilichambua mwaka 2023 ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu: magari yenye boneti ya zaidi ya sentimita 102 hivi yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuua kwa asilimia 45 kuliko yenye boneti ya sentimita 76 au chini na uso wa mteremko. Boneti hiyohiyo ndefu humficha mtoto aliyesimama mbele ya bampa. Anayeazimia kununua kubwa aanze na kipimo hiki: akae kwenye usukani, mtu asogeze ndoo kutoka kwenye bampa kwenda mbele hadi ionekane, kisha apime umbali. Atajua ni watoto wangapi wanaenea hapo.

Jembe_na_Trela

Napinga upande mmoja. Mnahesabu kwa gari, hesabuni kwa kichwa. SUV ya lita 12 ikibeba watu saba ni lita 1.7 kwa kila mtu kwa kilomita 100. Gari dogo la lita 7 na dereva peke yake ni lita 7 kwa mtu. Kati ya hao wawili, nani mharibifu? Anayevuta trela ya mifugo, mwenye kiti cha magurudumu kinachohitaji mlango mpana, anayepita tope miezi mingi ya mwaka, hao hawana cha kujitetea mbele ya mtu.

Ila nakubali kwamba ukubwa si uwezo, na hapa ndipo watu wanauziwa umbo. SUV nyingi za sasa zimejengwa juu ya jukwaa la saluni, zinaendeshwa na magurudumu ya mbele tu na hazina gia nzito (ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi). Kwenye njia mbovu angalia vitu vinne: nafasi ya chini ya tumbo la gari (sentimita 20 na kuendelea), pembe ya bampa mbele na nyuma, matairi yenye meno, na difu inayofunga (inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja). Stesheni wagoni (saluni yenye buti refu) iliyoinuliwa kidogo ikiwa na matairi mazuri inapita pengi ambapo jitu la tani 2 lenye rimu za inchi 21 na tairi za ubavu mfupi linapasukiwa.

Wenye fowili (gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne) isiyo na difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, msiiache imefungwa kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele na nyuma hayatembei umbali sawa, gia zinajikaza ndani ya transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), tairi zinasagika, mafuta yanaenda, na mwisho transfa yenyewe inavunjika. Ifungue mara unapotoka kwenye tope.

Mizani_ya_Njia

Asanteni. Mawili ya nyongeza. Je, kubwa la umeme linafuta tatizo? Na hoja kwamba magari makubwa yanaharibu barabara?

Kifungu_cha_Sheria

La barabara ni dhaifu, tuliache. Kanuni inayotajwa ilitokana na majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani, huko Illinois, 1958 hadi 1960: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa hesabu hiyo la tani 2.2 linaharibu mara 8 kuliko la tani 1.3, inasikika vibaya. Lakini ekseli ya lori ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani 1 ni mara 10,000. Lami huuawa na malori.

La umeme linaondoa moshi wa bomba, halipunguzi nguvu ya kugonga wala chembe zinazotoka kwenye tairi, na uzito huongezeka. GMC Hummer ya umeme inazidi tani 4. Kisha kuna betri: ya kilowati-saa 120 ingetosha magari matatu ya 40, na madini yake yamechimbwa mahali pa watu.

Niongeze jambo linalosahaulika, kwamba hamu hii ya ukubwa haikuota yenyewe. Sheria ya Marekani ya 1975 ya kubana mafuta iliyaweka malori mepesi (kundi la pikapu, vani na SUV) kwenye kiwango cha peke yake, na kiwango hicho kikawa chepesi kuliko cha magari ya abiria. Watengenezaji wakasukuma kila walichoweza kwenye kundi hilo. Hata Chrysler PT Cruiser, gari la familia kabisa, lilihesabiwa lori jepesi kwa kuwa viti vya nyuma viking'olewa sakafu inakuwa bapa. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari mapya yaliyouzwa duniani. Ufaransa imejibu kwa kodi ya uzito, iliyoanza 2022 kwa magari ya zaidi ya kilo 1,800 na kushushwa hadi 1,600 mwaka 2024. Paris nayo, baada ya kura ya Februari 2024, iliongeza mara tatu ada ya maegesho kwa wageni wenye magari mazito.

Hilo linapunguza lawama ya mnunuzi, haliiondoi. Anayenunua gari jipya anawachagulia pia wanunuzi wa pili na wa tatu, kwa miaka 15 au zaidi. Anayenunua lililotumika anachagua ndani ya kile ambacho wa kwanza aliacha. Kwangu mzigo wa hao wawili hauwezi kuwa sawa.

Spana_14

Kuhusu aliye nalo tayari: inategemea kilomita. Kuunda gari jipya kunatoa tani kadhaa za kaboni, tuchukue 6. Kwa tofauti ya lita 5 kwa kilomita 100, anayetembea 20,000 kwa mwaka anaokoa lita 1,000, sawa na tani 2.3, na deni la kiwandani linaisha kabla ya miaka mitatu. Anayetembea 3,000 anaokoa kilo 345 tu kwa mwaka. Deni lile litamchukua miaka 17, kwa hiyo abaki nalo na alitumie kwa kazi yake ya kweli. Na akiliuza kwa mtu atakayetembea nalo 25,000 badala ya gari dogo, hewa imepata hasara.

Anayebaki nalo aanze na matairi. Pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, ufuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa, si ya kujazia. Upepo ukiwa pungufu tairi linajikunja kila mzunguko, linapata joto, na kwenye gari zito ndilo linalopasuka safarini. Toa mizigo inayolala nyuma bila kazi, vua keria, na safari za dereva peke yake zikiwa nyingi kuliko za familia, tafuta dogo lililotumika kwa hizo. Namba ya kuangalia mwisho wa mwezi ni lita zilizoingia kwenye magari yote mawili kwa pamoja. Mara nyingi la pili huishia kuongeza safari badala ya kupunguza mafuta, na ikitokea hivyo, moja liondoke.