Mrejesho: lile gemu lililokuwa linanitoa nje kwenye Linux

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kwanini gemu langu la onlaini linafunguka fresh kwenye Linux, naingia lobi kabisa, mechi ikianza tu natupwa nje. Nikawa nalaumu draiva, nimeifuta na kuiweka upya mara tatu mpaka saa nane usiku, kumbe wala.

Shida ni anticheat, ile programu ya kukamata wachiti kwenye gemu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinakubali Proton (kile kitu kinachoendesha magemu ya Windows kwenye Linux) tangu 2021, ila mpaka wenye gemu wenyewe waamue kuwasha, na wa kwangu hawajawasha, basi hapo hata ubadilishe distro (aina za Linux) kumi unajichosha tu. Vanguard, anticheat ya gemu la Valorant, ndo sahau kabisa, ile inakaa kwenye keneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo wenyewe. Na hata likikubali leo usijiamini sana, Apex Legends ilikuwa inapiga freshi tu wakaja kuifungia Linux Oktoba 2024 eti wachiti wanajificha huku.

Nimeweka Windows kwenye SSD ya pembeni ya giga 256 kwa hilo gemu moja, CS2 na Dota 2 nacheza hukuhuku Linux. Aliyenishauri virtual machine (Windows ndani ya Linux), mkuu anticheat ingeigundua, ulitaka nile ban 😂