Sauti ya gitaa la Brian May bila AC30: HX Stomp, NAM kwenye laptopu, au Zoom yangu ya zamani?

SoloMkunazini

Assalaam alaykum wakuu. Niko Unguja. Rafiki yangu mwenye mgahawa hapa Mji Mkongwe kaamua tarehe 5 Septemba tupige nyimbo za Queen usiku mzima, maana ndiyo siku aliyozaliwa Freddie Mercury, hapa hapa kisiwani, mwaka 1946. Mwimbaji tunaye, kinanda kipo, besi na dramu tutaazima. Gitaa nimetupiwa mimi. Na gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, halifichiki: noti mbili tu, hata aliye jikoni anajua kama ni lenyewe au la kuigiza.

Yeye anatumia ampu za valvu, Vox AC30. Hapa sijaona hata moja ya kukodi, na hata ningeipata, ni zigo la kilo thelathini na ushei lisilotoa ile sauti mpaka ulifungue hadi mwisho. Wateja watamwacha pweza mezani wakimbie. Kwa hiyo naiga kwa dijitali. Njia ninazoziona ni tatu: kuna jamaa Dar ana Line 6 HX Stomp, kisanduku cha kuiga ampu, huenda akaniazima, kuna NAM, ile programu ya bure ya kuiga ampu, naweza kuiweka kwenye laptopu, na kuna pedali yangu ya Zoom G1X Four ambayo nimeshaizoea.

Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, pikapu tatu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja. Nimejaribu Zoom: nimechagua ile ampu yake ya UK30A inayoiga AC30, mbele nikaweka distoshen, trebo nikaipandisha. Imetoka sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa. Ninunue nini, niazime nini? Nawasilisha.

FundiJemaniamu

Mkuu, kabla ya kununua chochote, toa hiyo distoshen. Ndiyo nyuki wako.

Sauti ya Brian May inaanzia kwenye gitaa lenyewe. Gitaa lake, Red Special, alilitengeneza nyumbani na baba yake kuanzia 1963. Shingo ni mbao ya fremu ya meko ya zamani, na springi za tremolo zilitoka kwenye valvu za pikipiki. Hizo ni hadithi tamu za kusimulia kwenye kahawa, lakini kinachokuhusu wewe ni waya. Pikapu zake tatu za Burns Tri-Sonic zimeungwa kwa mfululizo, na kila moja ina swichi yake ya kuwasha na swichi nyingine ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi la sauti. Strat yako ikiwa katikati ya pikapu mbili huziunga kwa sambamba. Mnakumbuka fizikia ya kidato cha pili? Sambamba inakupa sauti nyembamba yenye kung'aa. Mfululizo unakupa sauti nene, kubwa zaidi, yenye kifua. Mara nyingi anapiga ya nyuma na ya kati pamoja, fezi moja. Hilo hakuna kisanduku cha dijitali kitakachokurekebishia vizuri, bora ushike chuma cha kuchomelea.

La pili ni busta ya trebo. Kijana May alimfuata mpiga gitaa Rory Gallagher baada ya onyesho, akamuuliza anapataje sauti ile. Jibu lilikuwa AC30 na kisanduku kidogo cha Dallas Rangemaster. Ndani yake kuna transista moja tu ya jemaniamu na kapasita ndogo mlangoni inayochuja besi. Jina linadanganya watu, wanadhani kazi yake ni kuongeza ukali. Kazi yake ni kuipiga ampu kwa nguvu huku besi imepunguzwa, ili ampu ikichemka isigeuke uji. Ukali unamalizwa na ampu yenyewe: chaneli ya Normal, ambayo haina hata kitasa cha trebo, voliumu mwisho.

Halafu anaendesha kila kitu kwa voliumu ya gitaa. Akishusha, sauti inasafika, akipandisha, inaimba. Kwa hiyo swali la kuuliza kila kisanduku ni moja: nikishusha voliumu ya gitaa hadi 3, unasafika au unafifia tu?

Mpigaji_Ubungo

Mimi natumia HX Stomp kanisani mwaka wa tatu sasa, moja kwa moja kwenye mikisa, bila ampu jukwaani. Kwa swali la Fundi, jibu ni kwamba inasafika, na vizuri.

Weka Deranged Master mwanzo kabisa wa mnyororo, hiyo ndiyo Rangemaster ya Line 6. Kisha Essex A30. Angalizo: Essex A30 ni AC30 yenye Top Boost, chaneli yenye vitasa vya trebo na besi, si Normal, kwa hiyo usiipandishe trebo. Mimi nashusha besi na trebo zote mbili karibu na chini kabisa, sauti ya kati inajaa na ule mng'aro wa ziada unaondoka. Masta juu, draivu juu. Nenda pia kwenye mipangilio ya ingizo uangalie impidansi, yaani ukinzani ambao pikapu inakutana nao mlangoni. Busta halisi ina impidansi ndogo inayoielemea pikapu, ikailainisha kidogo. Ukiiacha kwenye megaomu 1, sauti inakuwa na kucha. Iteremshe uisikilize.

Faida nyingine ni stereo. Ile solo ndefu ya jukwaani ya Brighton Rock, anapopiga kanoni na nafsi yake, ni dilei (mwangwi unaorudia noti) mbili ndefu, ya kwanza kama milisekunde 800, kila moja ikitoka kwenye ampu yake. Kwenye Stomp unaweka moja kushoto, nyingine kulia, umemaliza. Zoom na NAM zitakusumbua hapo.

Ubaya ni umeme. Inataka volti 9 na ampea 3, adapta za kawaida za pedali haziiwezi. Nimeshaona mtu kachomeka ya kuokoteza, kikazima katikati ya pambio.

NyuziTisa

Salamu kutoka Mombasa. Nitaisemea NAM kwa sababu naona inatajwa kama ndugu maskini, kumbe kwa masikio yangu ndiyo iliyonisogeza karibu zaidi na AC30 ya kweli.

Kwa asiyeijua: Neural Amp Modeler ilianzishwa na Steven Atkinson, ni bure na msimbo wake uko wazi. Hapana mtu aliyekaa akachora sakiti. Mwenye ampu anapitisha sauti maalumu ndani yake, anarekodi kinachotoka, kisha mtandao wa neva unajifunza tofauti. Unapata faili. AC30 zimejaa mtandaoni, nyingine zikiwa na busta ndani yake tayari. Spika mara nyingi ni faili la pembeni. Tafuta la Celestion Blue, ndizo spika za AC30 yake.

Udhaifu wake mkubwa: faili ni picha ya ampu vitasa vikiwa vimesimama mahali pamoja. Ukitaka kitasa kingine, tafuta faili lingine. Lakini kwa Brian May hilo si tatizo hata kidogo, maana ampu yake haiguswi! Iko mwisho, basi. Voliumu ya gitaa inafanya kazi yote, na NAM inaifuata mkono kwa mkono.

Ila faili lenye busta ndani siliamini sana. Linaponaswa, kinacholisha busta ni mashine ya kurekodi, si pikapu. Ule mvutano wa pikapu na busta anaousema ndugu wa Ubungo haumo kwenye faili. Mimi nina busta ya kweli mezani, inaingia kwenye kadi ya sauti, kisha NAM ya AC30 tupu. Tofauti ni kama chai ya maziwa ya unga na ya maziwa yenyewe.

Na pima laptopu yako. Kwa sampuli elfu 48 kwa sekunde, bafa (kipande cha sauti ambacho laptopu inakusanya kabla ya kukichakata) ya 64 ni kama milisekunde 1.3 kwa upande mmoja, hutaihisi. Laptopu dhaifu itakulazimisha 512, karibu milisekunde 11 kuingia na nyingine kutoka, hapo utakuwa unapiga huku unajisubiri. Yapo mafaili mepesi, yale ya feather na nano, lakini ukali wake unapungua uhalisia.

BabaRumba

Vijana, nimepiga solo kwenye bendi ya dansi miaka mingi, nikaiona kila aina ya kisanduku. Niwaambie kitu ambacho hamtakipenda: mgahawani hakuna atakayesikia tofauti ya Stomp na Zoom. Watasikia kama umechelewa kuingia kwenye solo.

Pia mnasahau jenereta. Umeme ukikatika, spika zinazima kwa wote, sawa. Jenereta ikiwaka baada ya sekunde kumi, spika zinarudi, na kisanduku cha dijitali kilichokuwa ukutani ndiyo kwanza kinajiwasha, kinakuonyesha nembo. Zoom ya SoloMkunazini inatumia betri nne za AA. Haitajua hata kama umeme ulikatika.

Na kijana, hiyo Zoom unaichomeka wapi? Kama ni mikisa, spika ya kuiga, ile ya ndani ya Zoom inayoiga kabati la spika, iwe imewashwa. Kama ni ampu ya kukodi, izime. Nusu ya nyuki ninaowajua mimi walizaliwa hapo.

SoloMkunazini

Mzee BabaRumba, umenikamata. Naichomeka kwenye mikisa na spika ya kuiga nilikuwa nimeizima. Aibu gani hii.

Muscat_Unplugged

Hakuna aliyetaja AmpliTube, programu nyingine ya kuiga ampu? IK Multimedia wana mkusanyiko wa Brian May mwenyewe, na ndani yake kuna kifaa kinachoiga Red Special, kwa mwenye gitaa la kawaida kama huyu ndugu. Mimi nautumia kwenye iPad huku Oman, chumbani na hedifoni, na ni raha tupu. Jukwaani sijathubutu. Simu ikiita katikati ya solo utajibu nini?

FundiJemaniamu

Kwa chumbani, sawa kabisa. Hata zile sauti zake za albamu, gitaa nyingi zikipangwa kama okestra, zilitoka kwenye kiampu kidogo cha betri alichokiunda John Deacon, mpiga besi wa Queen, miaka ya mwanzo ya sabini kwa bodi ya sakiti iliyookotwa jalalani London. Dunia nzima inahangaika kukiiga kitu cha jalalani. Ila cha jukwaani ni AC30, tusitoke nje ya mada.

SoloMkunazini, ushauri wangu: usinunue kisanduku, unda busta. Transista moja, vipinga vichache, kapasita tatu. Za jemaniamu kama OC44 ni ghali na feki ni nyingi, tumia silikoni kama BC109, itakuwa na makali kidogo, utayashusha kwa kitasa cha toni cha gitaa. Ukibahatika na jemaniamu ya PNP, chanya yake ndiyo inakaa kwenye gamba, kwa hiyo ipe betri yake peke yake. Ukiichomeka kwenye adapta moja na pedali nyingine, utakuwa umefunga njia ya mkato na utanilaumu mimi. Iwe ya kwanza baada ya gitaa, isitanguliwe na kitu.

Na usidharau waya: swichi moja ya kuunga pikapu ya nyuma na ya kati kwa mfululizo. Kama ya kati imezungushwa kinyume, kama zilivyo nyingi siku hizi, hata mvumo wa umeme utapungua.

NyuziTisa

Naunga mkono. Ila Mzee BabaRumba, kwamba hakuna atakayesikia, hapana. Hawatajua walichosikia, lakini watanyanyua vichwa.

SoloMkunazini

Marejesho wakuu, wiki tatu baadaye.

Jamaa wa Dar amesema Stomp yake haipandi boti bila yeye, na nauli ya watu wawili siiwezi. Simlaumu.

NAM niliijaribu kwa kadi ya sauti ya kuazima. Dada NyuziTisa kasema kweli, nikikaa peke yangu nikishusha voliumu hadi 4, ile sauti inakunja mkono kama kitu hai. Lakini laptopu yangu betri ilishakufa, inaishi ukutani, na chini ya bafa ya 256 inakwaruza. Kwa hoja ya jenereta peke yake imeanguka.

Busta nimeiunda kwa silikoni, ndani ya kopo la kahawa. Mara ya kwanza ilikaa kimya, nilikuwa nimegeuza miguu ya transista. Pikapu fundi redio wa Darajani kaziunga kwa mfululizo, akaniuliza kwa nini naharibu gitaa zima. Kisha Zoom: UK30A, geini nusu, trebo chini, spika ya kuiga imewashwa, distoshen hakuna. Nilipofungua voliumu ya gitaa mwisho, mama alitoka ukumbini kuja kuuliza nimeleta gitaa gani jipya.

Kusafika inasafika, ila si kama NAM. Kati ya 5 na 6 kuna mahali inaruka ghafla kutoka safi kwenda kali, haina ngazi. Nimejifunza kutokaa hapo. Dilei nimeweka moja tu, ya 800, kanoni itakuwa ya watu wawili badala ya watatu.

Sasa nina swali jingine. Yeye hapigi kwa pleki ya plastiki, anapiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita, yenye meno pembeni. Nimejaribu sarafu moja ya zamani niliyoikuta kwenye kopo la bibi. Ule mkwaruzo wa mwanzo wa noti umetokea kweli, lakini waya wa kwanza umekatika mara mbili kwa siku moja. Ni sarafu au ni mkono wangu?

BabaRumba

Mkono. Yeye anaishika kwa ulegevu sana, na nyuzi zake ni nyembamba kama zako, za 9. Legeza kidole. Na nunua seti tatu kabla ya tarehe 5.