Naombeni ushauri: tetesi za wagombea urais kwenye kundi la jumuiya, na mwenyekiti anataka tutoe tamko

Binti Mvomero: Wakuu, habari za humu. Naishi Houston, uraia wa Marekani nimeshapata, na mchujo wa urais wa 2028, yaani kura za kila jimbo za kuchagua mgombea wa chama, ndio utakuwa wa kwanza kwangu kupiga kura. Mimi ndiye admini wa kundi letu la WhatsApp. Sauti zinaingia kila siku: huyu mgombea anaficha ugonjwa, yule ana mtoto wa nje. Nikifuta naambiwa nina upande. Nikiacha, wapo wazee ambao hawana habari nyingine zaidi ya hizo. Na mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, anataka jumuiya imtangaze mgombea wake. Nifanyeje?

Kaka wa Dallas: Futa, dada. Mwaka 2000, kwenye mchujo wa chama cha Republican, John McCain alimshinda George W. Bush kule jimbo la New Hampshire. Walipofika South Carolina, watu wakapigiwa simu na kugawiwa vipeperushi kwamba McCain amezaa nje mtoto mweusi. Mtoto alikuwepo kweli: binti aliyemuasili kutoka Bangladesh. McCain akashindwa jimbo lile, na mchujo ukamponyoka. Uongo ulioshikizwa kwenye jambo la kweli ndio mgumu kuung'oa. Weka sharti moja kwa wagombea wote: sauti isiyo na jina la msemaji haikai.

Mama Kevo: Kufuta tu hakutoshi. 2008 ilisambazwa picha ya Obama amevaa kilemba na shuka jeupe, kuchochea uvumi kwamba ni Mwislamu, kana kwamba Uislamu ni kosa! Ile picha ilipigwa Wajir, 2006, wenyeji wakimvisha mgeni wao. Sisi tungeweza kuwaeleza majirani zetu, wengi tukanyamaza. Rekodi sauti fupi ya Kiswahili, ueleze ukweli. Wazee watasikiliza.

Mhasibu: Kuhusu tamko, angalieni usajili kwanza. Kama jumuiya ni taasisi ya hisani yenye msamaha wa kodi, sheria tangu 1954 inaikataza kumpigia debe mgombea, na mnaweza kupoteza msamaha huo. Mwendee mzee faraghani, pamoja na mweka hazina. Yeye binafsi yuko huru kumuunga mkono amtakaye.

Binti Mvomero: Asanteni mno. Lakini akitangaza yeye binafsi, si watu watamfuata tu?

Kaka wa Dallas: Inategemea. Jim Clyburn, mbunge wa South Carolina, alipomuunga mkono Biden kwenye mchujo wa Democratic tarehe 26 Februari 2020, siku tatu baadaye Biden akashinda South Carolina kwa kishindo, baada ya kuanguka Iowa na New Hampshire. Wapiga kura weusi wa pale walikuwa wanamwamini Clyburn kwa miaka mingi. Lakini kwenye mchujo wa 2008 Obama aliungwa mkono na maseneta wa Massachusetts, Ted Kennedy na John Kerry, pamoja na gavana wa jimbo hilo, na bado mpinzani wake Hillary Clinton akalichukua. Mwombe mzee aseme sababu zake, watu wazipime.

Mhasibu: Na wakumbushe kujiandikisha. Texas mwisho ni siku 30 kabla ya kura. Huhitaji kuwa mwanachama, chama unachagua siku ya kupiga kura.

Binti Mvomero: Hilo naliweka kundini leo. Mzee nitamfuata Jumapili, na mweka hazina.