Maganda ya .303 yanarefuka kila nikifyatua, mpaka moja limekatika

MchaggaTexas: Habari zenu wakuu. Niko Texas, nina bunduki ya .303, Lee-Enfield No. 4 ya mwaka 1943, ile ambayo Wakenya wanaiita Mark 4. Risasi zake najaza mwenyewe kwa maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Shida ni maganda. Kipimo cha mwisho cha urefu ni inchi 2.222, ila nikishafyatua na kupitisha ganda kwenye kalibu (kile chuma cha kulibana lirudi umbo lake) nakuta 2.235. Nalikata mdomo, najaza tena, linarefuka tena. Jumamosi moja limekatika kabisa: kitako kimetoka na bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi), kipande cha mbele kimebaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Shabaha iko safi. Bunduki imechakaa au ni mimi?

Kibaigwa: Paka risasi mafuta kidogo mkuu, ganda litateleza lenyewe halitakatika.

Mzee Kalipa: Hapana, mafuta hapana! Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, nguvu yote inaishia kwenye bolti. Na bolti ya Enfield inajifunga kwa nyuma, si mbele kama ya Mauser, bunduki ya Kijerumani, kwa hiyo tayari ina unyumbufu wake.

Mchagga, acha kupiga kwanza. Urefu unaoukata mdomoni ni shaba iliyohama kutoka chini, jirani na kitako, na pale panabaki pembamba. Nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake kidogo, ichonge iwe kali. Ingiza ndani ya ganda, ivute taratibu ukitoka chini kuja juu huku ncha inakwaruza ukuta. Ikinasa kwenye mfereji hapo juu kidogo ya kitako, ganda hilo lipondeponde kwa koleo ulitupe. Kwa nje nako mara nyingi utaona mstari unaong'aa umezunguka.

Sasa chanzo. Risasi ya .303 inazuiliwa na ule ukingo wa kitako. Bega lake, pale ganda linapopungua kuwa shingo, halishikwi na kitu. Chemba za jeshi zilitobolewa pana makusudi, risasi iingie hata ikiwa na tope. Ukifyatua, sehemu ya mbele inavimba na kung'ang'ania kuta, kitako kinasukumwa nyuma mpaka kigote kwenye bolti, shaba inavutika hapo katikati. Bega nalo linasogea mbele kujaza chemba. Halafu wewe unakuja na kalibu unalirudisha nyuma lilikotoka! Risasi inayofuata linavutwa upya.

Kwa hiyo inua kalibu, ibane shingo tu, bega liache lilivyo. Maganda hayo yawe ya bunduki hiyo peke yake. Yakianza kuwa magumu kuingia, shusha kalibu kidogo kidogo mpaka bolti ifunge kwa ukinzani mdogo, uishie hapo. Ganda jipya, kwa mara ya kwanza, livishe kipete chembamba cha mpira mbele ya ukingo ili kitako kiegemee bolti.

MchaggaTexas: Shikamoo mzee. Klipu imenasa karibu kwenye maganda yote! Ila fundi alishaipima bunduki kwa geji akasema nzima.

Mzee Kalipa: Marahaba. Fundi hajakosea. Geji ya .303 inapima nafasi ya ukingo tu: bolti ifunge kwenye geji ya inchi 0.064, isifunge kwenye ya 0.074. Bega haliguswi kabisa. Bunduki inaweza kufaulu na bado ikala maganda. Ingekuwa imefeli, No. 4 ina vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3, unabadilisha kirefu zaidi. Kuvipata siku hizi ni kazi.

Kibaigwa: Mzee, mimi nina bunduki ya .308, nayo vilevile?

Mzee Kalipa: Hiyo inazuiliwa begani. Kalibu ikishuka mno, bega likarudi nyuma, utapata ugonjwa huohuo. Urefu wako wa mwisho ni 2.015, ukikata kata 2.005. Na hayo mafuta yako weka kwenye bawaba za mlango.

MchaggaTexas: Kile kipande kilichobaki kwenye chemba nikitoeje?

Mzee Kalipa: Kuna kifaa chake, kinaingia kama risasi, kinanasa shingo, unavuta bolti. Usichokoe na bisibisi, utakwaruza chemba.