Tupeane uzoefu: waliobadili paipu za breki na balansi ya mbele na nyuma

Mleta mada: Wakuu, gari langu la zamani, halina ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisikabe). Nyuma nimetoa dramu nikaweka diski, mbele nimefunga hosi zile za kusukwa kwa waya wa stenlesi. Pedeli imekaa ngumu safi kabisa ila nikikanyaga kwa nguvu kwenye maji nyuma inataka kunipita. Nataka kununua valvu ya kupunguza presha ya nyuma, ile ya kuzungusha kwa mkono. Waliowahi kufunga mje.

#2: Hosi hizo nzuri ila hazifupishi breki, watu wanadanganyana sana hapo. Hosi ya mpira inatanuka kidogo ukikanyaga, hiyo haitanuki, basi, utamu wote uko mguuni. Angalia tu inapita wapi maana ule waya ni tupa, yangu ilikuwa inasugua mkono wa saspensheni ikakwangua rangi mpaka chuma kikawa kinang'aa. Kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, piga jeki tairi lining'inie, uone kama kuna mahali inavutika.

#3: Nyuma yako inakaba, yaani tairi zinaacha kuzunguka, kabla ya mbele, hilo ndilo tatizo. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi. Mbele ikikaba kwanza usukani hausikii ila gari linanyooka tu, nyuma ikitangulia linageuka na huna muda wa kulirudisha. Hiyo valvu mwanzoni inapitisha presha sawasawa, ikifika kiwango fulani ya nyuma inapanda taratibu kuliko ya mbele. Inakaa laini ya nyuma tu, na kama gari lina ya kiwandani itoe, usifunge mbili zikifuatana. Halafu chungulia masta silinda kwanza (ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki), laini zimegawanywaje?

#4: Mimi nina pikapu, ina ile valvu yenye mkono umeshikwa kwenye eksili ya nyuma, inapima mzigo. Niliponunua tayari ilikuwa imenyanyuliwa springi, na breki za nyuma kama hazipo hata nikipakia. Kumbe bodi ikipanda valvu inajua gari ni tupu muda wote, inabania presha. Dawa ilikuwa kurekebisha ule mkono, wala sio pedi wala masta kama nilivyokuwa naambiwa.

#5: Mleta mada, na rimu za nyuma zinachemka? Masta nyingi za dramu zina kavalvu ndani kanakobakiza presha kidogo kwenye laini, kama psi 10 hivi. Dramu inaihitaji, diski haiitaki, pedi zinabaki zimegusa unatembea umefunga breki bila kujua.

#6: Kwenye paipu zenyewe kuweni makini na nati. M10 ya pichi 1.0 (milimita 1 kati ya uzi na uzi) na ile ya inchi 3/8 ya nyuzi 24 kwa inchi zinafanana balaa, ukiianza kwa mkono inaingia kidogo halafu inagoma, fundi mmoja akanimalizia kwa spana huku nikimwangalia. Nyuzi zikaliwa, paipu ikawa inalia chozi kila ukikanyaga. Na mdomo wa paipu, kuna wa kukunjwa mara mbili na kuna wa kibonge, kila mmoja una kiti chake, ukichanganya hata ukaze vipi itavuja.

Mleta mada: #5 umepatia, rimu ya kushoto nyuma haishikiki, kavalvu nakatoa. #3, nimechungulia: laini moja ya masta inaenda mbele kulia na nyuma kushoto, nyingine kinyume chake.

#3: Basi usinunue. Hiyo ni ya msalaba, valvu moja itapunguza presha upande mmoja tu wa nyuma, gari lianze kuvuta. Utahitaji mbili zinazolingana na kuziseti sawasawa ni kazi. Afadhali tafuta kalipa za nyuma (zile zinazobana pedi kwenye diski) zenye pistoni ndogo, au anza na pedi zisizouma sana kwa nyuma, halafu jaribu sehemu tupu, lami kavu, mwendo mdogo kwanza. Mtu asimame nje aangalie tairi zipi zinakaba mwanzo, wewe ndani huwezi kujua.