Tupeane uzoefu: Ratiba ya vyuma na chakula iliyokubaliana na maisha yako

Mtunza ghala, Bombo (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, assalamu alaykum, na poleni kwa kazi. Mwezi huu vijana watatu wa mtaani kwangu wameniuliza ni ratiba gani ya vyuma iliyo bora, nami nimeona kwamba swali hilo halijibiki kabla ya kujua muulizaji anaamka saa ngapi, mchana anakula wapi, na jioni ni nani anayemsubiri nyumbani. Nitatangulia na habari yangu, kisha naomba kila mmoja aeleze yake kama ilivyo.

Kazi yangu ni ya ghala, Kampala. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nipite Kawempe kabla ya msongamano, na hurudi saa mbili usiku. Nilipoanza vyuma nilinakili kutoka kwenye simu ratiba ya siku sita kwa wiki, siku moja kifua, siku nyingine mgongo, na kadhalika. Wiki nne za mwanzo nilizimaliza kwa ubishi. Wiki ya tano nilikuwa nalala saa sita usiku na kuamka saa kumi, hamu ya kula ikanitoka, na chuma nilichokuwa nakinyanyua mara kumi kikanishinda mara ya sita. Nilidhani ni uvivu, nikazidisha, na bega la kushoto likaanza kuuma.

Habari ya bega inataka maelezo, kwa sababu wengi wetu tunatumia vyuma vya aina moja. Vyangu nilichomelewa na fundi wa Katwe, sahani zake zimekatwa kwenye vyuma chakavu na uzito umeandikwa kwa rangi. Siku moja nilizibeba zote hadi kwa jirani yangu anayenunua kahawa, tukazipima moja moja kwenye mizani ya magunia. Sahani mbili zilizoandikwa 10, moja ilikuwa na kilo 8.7 na ya pili kilo 10.9. Kwa miezi minane nilikuwa nimesukuma chuma ambacho upande mmoja ulizidi mwingine kwa zaidi ya kilo 2, na kwa kuwa sahani ile nzito ina kovu la kuchomelea, nilikuwa nimezoea kuitia upande uleule kila siku. Nilinunua kopo dogo la rangi nyeupe, nikaandika uzito wa kweli wa kila sahani, nikazipanga jozi kwa kukaribiana. Ndani ya miezi miwili maumivu yalikwisha. Nawasihi wenye vyuma vya mafundi wetu wavipime kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nafanya siku tatu: Jumanne na Alhamisi usiku dakika 35, na Jumapili asubuhi kwa nafasi zaidi. Mazoezi ni manne tu, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma kutoka kifuani, kuvuta chuma kutoka sakafuni, na kujivuta juu kwenye tawi la mwembe. Nikifikisha mara 8 katika seti (mizunguko) zote tatu bila kuyumba, wiki inayofuata naongeza kilo 2 na nusu; nisipofikisha, narudia uzito uleule. Wanaoona siku tatu ni chache wakumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima aimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Kuhusu chakula, mchana hula kwa mama ntilie jirani na ghala, matoke na mchuzi wa njugu. Matoke hushibisha vizuri na hutia nguvu, lakini gramu 100 zake zina protini kama gramu 1 tu, kwa hiyo hubeba mayai mawili ya kuchemsha kutoka nyumbani na kuomba maharage kando ya mchuzi. Karibuni.

Muuguzi, Arua

Kaka, nashukuru kwa mada hii. Mimi hufanya kazi kwa zamu, wiki moja mchana na wiki nyingine usiku, hivyo ratiba yenye majina ya siku haikunifaa hata mara moja. Kila nilipokosa Jumatano nilihisi kuwa wiki yote imeharibika, nikaacha. Kilichonisaidia ni kuondoa majina ya siku. Nina mazoezi ya aina mbili, la kwanza na la pili, nayo yameandikwa kwenye daftari; nikipata nusu saa baada ya usingizi wa kutosha, nafanya lile ambalo zamu yake imefika, hata kama lililotangulia nililifanya siku nne nyuma.

Jimu iko mbali nami, na chuma changu ni jerikeni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 ni mizani na chuma kwa pamoja. Nilianza kuchuchumaa nayo ikiwa na lita 6, nimeikumbatia kifuani, na huongeza lita moja ninapomaliza mara 12 kwa utulivu. Jambo moja la kujihadhari: jerikeni isiyojaa huchezacheza maji ndani, na hilo huvuta kiuno upande. Teremka polepole, na usiuzungushe mwili ukiwa umeibeba.

Kuhusu kula wakati wa zamu ya usiku, nilikuwa nakunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi saa tisa usiku, nikifika nyumbani sina njaa wala usingizi. Sasa hula mlo kamili kabla ya kuingia kazini, na katikati ya usiku hunywa maziwa mgando na ndizi.

Mwendesha bodaboda, Busia

Mimi nitasema ya chakula, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Mwaka mzima nilinyanyua vyuma na mwili haukubadilika, nami mchana kutwa chakula changu kilikuwa kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, na mara nyingi chapati zilikuwa tatu na maharage ni vijiko vitatu. Mkufunzi mmoja aliniambia kwamba anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Nina kilo 70, basi ni gramu 112. Nilikaa chini ya mwembe wa stendi nikapiga hesabu kwa kalamu.

Mayai manne, gramu 24. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, gramu 30. Nusu lita ya maziwa, 16. Konzi ya mukene mkavu, yaani dagaa, kama gramu 30 kwenye mizani, hutoa 16 nyingine. Posho (ugali) ya siku nzima, 20 hivi, na njugu za kutafuna nikisubiri abiria, 12. Jumla ikapita 112, na hakuna hata kitu kimoja humo ambacho sikukipata sokoni Busia. Mama anayeuza kikomando nilimwomba apunguze chapati moja na bei ile ile aongeze maharage, akakubali bila neno. Mukene husagwa ukawa unga, nao hutiwa kwenye mchuzi wowote. Asiyependa harufu yake ajaribu hivyo.

Mkazi wa Kisenyi, Kampala

Naongeza la Ramadhani kwa ufupi. Kwetu hapa karibu na ikweta saumu ni zaidi kidogo ya saa 13 kila mwaka, haibadiliki sana, kwa hiyo mpango ukikubali mara moja unaweza kuurudia. Hufuturu kwa tende, maji na uji, huswali, kisha baada ya tarawehe hunyanyua vyuma kwa nusu saa na kula mlo mkubwa baadaye. Uzito hauachi kuwa uleule, ila idadi ya seti huipunguza nusu. Shawwal inapofika sianzi upya.

Askari mstaafu, Gulu

Wanangu, nina miaka 61 na shinikizo la damu. Daktari aliniruhusu kunyanyua kwa sharti kwamba nisizuie pumzi: napumua nje ninaposukuma na ndani ninaposhusha. Huketi na kuinuka kwenye kiti nikiwa na chuma cha kilo 8 kifuani, mara 10, mara tatu, siku mbili kwa wiki. Viazi vitamu na odii, yaani siagi ya njugu na ufuta, vipo nyumbani siku zote. Mwaka juzi nilikuwa nashika ukuta nikiinuka kutoka kwenye mkeka wa sala, sasa sishiki.

Mkufunzi wa jimu, Jinja

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini siku sita zisihukumiwe vibaya. Mimi hushinda jimu, hula mara tano na hulala kwa muda wa saa nane, na siku sita zinanifaa. Kila siku sehemu moja ya mwili hufanya kazi na nyingine hupumzika.

Mtunza ghala, Bombo

Nakubali, kaka. Ratiba ile haikuwa mbaya, ila ilitaka usingizi ambao mimi sina. Mzee wa Gulu, umenigusa sana kwa habari ya mkeka. Dada muuguzi, mke wangu amesoma maelezo yako na anataka kuanza na jerikeni. Anauliza mshikio haumkati vidole?

Muuguzi, Arua

Hukata, hasa ukiitumia kwa kuvuta. Achane kitambaa cha kitenge cha zamani, akizungushe mara nne kwenye mshikio na kukifunga fundo upande wa nje. Aanze na lita 5, na ahakikishe kifuniko kimekazwa kabla ya kuinyanyua. Mimi juzi nimefika lita 14.