BTP na kusoma riwaya: vipindi 16, madaftari 135, kitabu kinaingia wapi?

Chaki_Nusu
Wakuu, habari za jioni. Niko BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni kwa wanachuo wa ualimu), wiki ya pili kati ya nane. Vipindi 16 kwa wiki, vyote vimeunganishwa viwiliviwili kuwa pacha za dakika 80: Kiswahili Kidato cha Kwanza mikondo miwili (vipindi 6 kila mmoja), Historia Kidato cha Pili mkondo mmoja (vipindi 4). Kila mkondo una wanafunzi 45. Ongeza nukuu za somo, zana za kufundishia na zamu ya ualimu. Riwaya niliyokuja nayo imekwama ukurasa wa 22. Mtu anasomaje vitabu vya kujifurahisha katika hali hii? Tafadhali msiniambie "panga muda", ratiba ninayo ukutani.

Paredi_Saa_Moja
Kwanza hesabu maandalio (mipango ya somo unayoandika kabla ya kufundisha), usihesabu vipindi. Kipindi pacha ni andalio moja. Mikondo miwili inayofundishwa mada ileile ni andalio moja pia, ila idadi ya wanafunzi na muda wa kila mkondo viwe na mstari wake kwenye jedwali la juu. Kwa hiyo Kiswahili una maandalio 3, Historia 2. Matano tu! Ukitumia dakika 40 kwa kila moja ni saa 3 na dakika 20, yaani Jumamosi asubuhi moja. Ila muulize mkufunzi wako wa chuo anayekukagua mapema kama anakubali mikondo miwili kwenye andalio moja, wengine hawataki.

Kinachowachelewesha wengi ni kuandaa usiku wa kuamkia kipindi. Hapo kila siku unafungua upya azimio la kazi (mpango wa mada za muhula), muhtasari wa somo na kitabu cha kiada, na nusu saa inaishia kutafuta tu.

Halafu sehemu ya tathmini na maoni mwishoni mwa andalio ijaze kengele inapolia, kabla hujatoka darasani. Ni sentensi mbili: wangapi wameweza, wamekwama wapi. Ukiziacha zirundikane hadi Ijumaa utakuwa unatunga, na mkufunzi akifungua daftari lako, kitu cha kwanza anachokitazama ni hizo nafasi tupu.

Kalamu Nyekundu
Mkuu hapo juu kamaliza maandalio, mimi nina neno kuhusu madaftari. 135 kwa dakika 2 kila moja ni saa 4 na nusu kwa wiki. Hizo ndizo zinazokula riwaya yako.

Kila kipindi pacha toa zoezi la maswali 3, si 10, uwape dakika 20, upite na kalamu ukisahihisha madaftari 15. Kiswahili una pacha tatu kwa kila mkondo, 15 mara 3 ni 45, darasa zima limeguswa. Historia pacha mbili zinakupa 30, yanabaki 15 ya kubeba nyumbani. Nusu saa.

Kosa la kawaida ni kuanzia dawati la mbele kila siku, wa nyuma wakakaa mwezi mzima bila tiki. Andika jina ulipoishia, kesho anzia hapo. Na usiiname muda mrefu: mkufunzi akiingia akakuta umezama kwenye daftari huku nyuma wanarushiana karatasi, alama za usimamizi wa darasa zimeondoka.

Insha haisahihishwi hivi. Insha moja inataka dakika 5 au 6, kwa hiyo mkondo A wiki hii, B wiki ijayo.

Beti Sita
Hayo yote sawa, lakini muda ukipatikana simu itaumeza. Soma alfajiri kabla ya chai, simu ikiwa chumba kingine. Usiku baada ya zamu unasoma aya moja mara nne.

Kurasa 10 za riwaya ni kama dakika 20. Siku 5 kwa wiki, kitabu cha kurasa 180 kinaisha wiki ya nne, hivyo BTP nzima ni riwaya mbili. Wiki ya zamu usijidanganye, weka riwaya kando uchukue diwani. Shairi la beti sita linasomeka kati ya kengele na kengele, na vina vinabaki mdomoni hadi jioni.

Riwaya ikikaa siku nne wahusika wanapotea. Kata kipande cha manila kilichobaki kwenye zana, andika majina, nani ni nani wa nani, na tukio la mwisho ulilosoma. Hicho ndicho kialamishi chako.

Kalamu Nyekundu
Nyongeza: kuna watakaokushauri riwaya hiyohiyo uifanye kifungu cha ufahamu darasani. Mara moja sawa. Ukizoea, kila ukurasa utausoma ukiwinda maswali, na hiyo ni kazi nyingine.

Chaki_Nusu
Asanteni sana. Kwa hiyo Jumamosi maandalio matano. Swali la mwisho: kusoma riwaya ofisini kipindi sina darasa, walimu wenyeji hawatanielewa vibaya?

Paredi_Saa_Moja
Baadhi watakuelewa vibaya, hasa ukisoma kwenye simu, maana hakuna anayejua kama ni riwaya au gumzo. Beba kitabu cha karatasi, ukakae maktaba ya shule. Mwambie mwalimu wa taaluma, anayesimamia ratiba ya masomo, kwamba uko huko, ili darasa likikosa mwalimu usitafutwe.